Zamu na Mwaliko: Tafakari Juu ya Kitenzi cha Kengele

Kiingereza kina kundi kubwa la vitenzi vinavyotaja tendo linaloonekana dogo, yaani tendo la mtu kutia neno lake katika mazungumzo ambayo wengine wamekwisha kuyaanza, na jambo la kuzingatiwa ni kwamba karibu kila kimoja kati ya vitenzi hivyo hulitaja tendo hilo na kulipima papo hapo. Anayesimulia kwamba mtu fulani "butted in" amekwisha kumlaumu, kwa kuwa kitenzi hicho kinamchora kama mnyama anayesukuma kwa kichwa. Anayesema "weighed in" amempa heshima ya uzito, kwa kuwa picha yake inatoka kwenye mizani wanayopimiwa mabondia na wapanda farasi wa mashindano. Anayesema "piped up" amemfanya mdogo, mwenye sauti nyembamba iliyojitokeza bila kutarajiwa. Tafakari hii inahusu kitenzi kilicho kipole kuliko hivyo vyote, "chime in", ambacho kwa asili yake kinamlinganisha mzungumzaji na kengele inayoongeza mlio wake katika milio inayoendelea, na ambacho upole wake unabeba sharti lisilotajwa waziwazi.

Kwa muundo, "chime in" ni kitenzi cha maneno mawili: kitenzi cha kawaida kikifuatwa na neno dogo la mahali au mwelekeo, kama vile ndani, nje, juu au chini, ambapo maana ya jumla haipatikani kwa kuziunganisha tu maana za sehemu zake. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake iliyochapishwa London mwaka 1755, aliviona vitenzi vya namna hii kuwa miongoni mwa mambo yanayowatatiza zaidi wageni wanaojifunza Kiingereza, naye akajitahidi kuviorodhesha kwa wingi kuliko watangulizi wake. Jina la kisarufi ambalo vitenzi hivyo vinajulikana kwalo leo lilienea baadaye sana, baada ya Logan Pearsall Smith kulitumia katika kitabu chake cha mwaka 1925 kuhusu maneno na nahau, akieleza kwamba alilipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford. Ugumu alioutaja Johnson haumo katika sarufi peke yake, kwa sababu mgeni anaweza kujifunza maana ya kitenzi cha aina hii kwa siku moja na bado akakosa kwa miaka mingi ile hukumu ndogo iliyomo ndani yake, ambayo wenyeji huisikia bila kuifikiria.

Neno "chime" lenyewe lina safari ndefu. Asili yake ni neno la Kilatini lililochukuliwa kutoka Kigiriki, ambalo lilimaanisha matoazi, yaani zile sahani mbili za shaba zinazogonganishwa ili kutoa mlio, na katika Kiingereza cha kale maana hiyo ilihama polepole kutoka kwenye matoazi hadi kwenye kengele na kwenye milio inayopatana. Kitenzi chenye neno la pili, yaani "chime in", kilikuwa kwanza cha muziki, kikieleza sauti inayojiunga na nyingine kwa upatano, na matumizi yake kwa watu wanaozungumza yalienea katika karne ya 19. Tangu hapo kimebeba maana mbili zinazovutana: ya kuunga mkono lililosemwa, na ya kudakia pasipo kuulizwa. Kamusi kubwa za leo bado zinaonyesha mvutano huo, kwa maana kamusi ya Cambridge inaeleza kwamba aliyefanya hivyo kwa kawaida anakubaliana na waliotangulia, ilhali kamusi ya Merriam-Webster ya Marekani inatilia mkazo kuingia katika mjadala ili kutoa maoni, pasipo kudai kwamba maoni hayo yawe ya kukubali.

Tofauti hiyo si ya wanakamusi tu. Katika ofisi za Marekani kitenzi hiki kimegeuka kuwa tamko la adabu ya kikao, ambapo mwenye kuongoza huwaambia wenzake kwamba yeyote ajisikie huru "to chime in", akimaanisha kwamba hakuna atakayehitaji kuombwa na hakuna atakayezuiwa. Tamko hilo linasikika kama kufunguliwa kwa mlango, na mara nyingi hutolewa kwa nia njema. Hata hivyo, swali linalostahili kuulizwa ni mwaliko wa namna hiyo unamfungulia nani, kwa kuwa kitenzi chenyewe hakijasahau kabisa muziki wake, na kengele inayoalikwa kujiunga inatazamiwa kwanza isiharibu mlio uliopo.

Jibu la swali hilo linategemea namna mazungumzo yanavyoendeshwa, jambo ambalo tangu miaka ya 1970 limechunguzwa kwa undani na taaluma iitwayo uchanganuzi wa mazungumzo, inayorekodi maongezi ya kawaida na kuyaandika pamoja na pumzi, vituo na migongano yake. Mwaka 1974 Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson walichapisha katika jarida la Language makala ambayo bado ni msingi wa taaluma hiyo, wakionyesha kwamba watu wanaozungumza hupokezana zamu kwa kanuni chache ambazo hakuna aliyewahi kufundishwa darasani. Mwenye zamu anaweza kumteua atakayefuata, kwa mfano kwa kumwuliza swali. Asipomteua mtu, anayeanza kusema kwanza ndiye anayeipata zamu. Na asipojitokeza mtu, aliyekuwa akisema anaweza kuendelea. Makabidhiano hayo hayafanyiki popote, bali mahali ambapo kauli inasikika kuwa imefikia ukomo unaowezekana, na kila msikilizaji huona mahali hapo panapokaribia kabla hapajafika.

Kanuni ya pili kati ya hizo tatu ndiyo ambamo "chime in" inaishi, nayo ni kanuni ya ushindani, kwani zamu ambayo haikukabidhiwa kwa mtu inachukuliwa na mwepesi. Wepesi unaotakiwa ni mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na Tanya Stivers pamoja na wenzake, wakilinganisha lugha kumi zikiwamo Kijapani, Kideni, Kiingereza na lugha moja ya Namibia, ulionyesha kwamba muda unaopita kati ya swali la ndiyo au hapana na jibu lake ni, kwa wastani, kama sehemu moja ya tano ya sekunde, Wajapani wakiwa wepesi zaidi na Wadeni wakikawia zaidi, ingawa tofauti baina yao ni ndogo sana. Kwa kuwa akili ya mtu huhitaji zaidi ya nusu sekunde kuandaa hata neno moja la kutaja kitu anachokiona, ni dhahiri kwamba anayejibu kwa wakati ameanza kuandaa jibu lake mwenziwe akiwa bado anasema, akitabiri kauli itaishia wapi.

Hapo ufundi wa minara ya makanisa ya Uingereza una somo la kutoa, kwa sababu huko umestawi tangu karne ya 17 mtindo wa kupiga kengele kwa mpangilio ambao Fabian Stedman aliuandikia kitabu, Campanalogia, mwaka 1677. Kila kengele hufungwa kwenye gurudumu na kuzunguka karibu duara zima, na kwa kuwa kengele hiyo nzito haitoi mlio mara tu kamba inapovutwa, mpigaji hana budi kuvuta kabla ya wakati wake, huku akiangalia kamba za wenziwe na kusikiliza mdundo, ili mlio utoke mahali pake. Anayengoja hadi aisikie kengele iliyomtangulia ndipo avute, amekwisha kuchelewa. Mtu anayeshindwa kuingia katika mazungumzo ya watu wengi, akabaki na neno lake mdomoni hadi mada imebadilika, mara nyingi hana upungufu wa hoja wala wa ujasiri. Anachofanya ni kungoja mlio uishe kwanza, kwa kuwa alilelewa kuuona ungojaji huo kuwa heshima, ilhali waliomzunguka wanavuta kamba mapema.

Hata hivyo, wakati mzuri hautoshi kueleza kwa nini mmoja aliyeingia anasifiwa na mwingine analaumiwa. Deborah Tannen, mwanaisimu wa Marekani, alirekodi mwaka 1978 mlo wa sikukuu ya Shukrani huko Berkeley, California, uliowakusanya watu sita, yeye mwenyewe akiwamo, na uchambuzi wake ulitoka katika kitabu cha mwaka 1984. Watatu wa New York walizungumza kwa kasi, wakipandiana sauti, wakimalizia sentensi za wenzao na kuuliza maswali kabla jibu la kwanza halijaisha, na kwao mpandano huo ulikuwa dalili ya kusikiliza kwa moyo, jambo ambalo Tannen aliliita mpandano wa ushirikiano. Wale wengine, wawili wa California na mmoja wa Uingereza, walingoja vituo ambavyo havikuja, na mlo huo ukabaki katika kumbukumbu zao kama maongezi yaliyotawaliwa na wachache. Sauti ni zilezile na meza ni ileile. Lakini tendo ambalo upande mmoja ungeliita kwa kitenzi cha kengele, upande wa pili ungeliita kwa kitenzi cha mnyama anayesukuma kwa kichwa.

Matokeo yake ni kwamba jina la tendo halitolewi na aliyelitenda. Aliyeingia anaweza kuwa na nia njema na akawa ameingia kwa wakati unaofaa, na bado ni waliokuwamo ndani ya mazungumzo wanaoamua, baada ya kumsikia, kwamba alichangia au alidakiza. Mabunge, ambayo yanajua hatari ya kuuacha uamuzi huo hewani, yameuwekea utaratibu wa wazi. Katika bunge la Uingereza mbunge anayetaka kumkatiza mwenziwe humwomba ampishe, na mwenye kauli ana hiari ya kukaa chini kwa muda au kukataa. Katika Bunge la Tanzania mbunge husimama na kusema taarifa, na akiruhusiwa na Spika huieleza, kisha aliyekatizwa huulizwa kama anaipokea, naye hujibu mbele ya wote kwamba anaipokea au haipokei. Utaratibu huo unakiweka hadharani kile ambacho katika maongezi ya kawaida hufanyika kwa jicho, kwa kutikisa kichwa au kwa kuendelea kusema kana kwamba hakuna aliyesikika, yaani kwamba neno lililoingizwa huhesabiwa pale tu linapopokelewa.

Kiswahili nacho hakikuuacha upimaji huo, ila kimeuweka kwa sehemu kubwa katika mnyambuliko, yaani viambishi vinavyobadilisha maana ya mzizi wa kitenzi, kwa maana aliyeingia katika mazungumzo si sawa na aliyeyaingilia, na aliyechangia hoja si sawa na aliyechomekea neno. Kitenzi kilicho karibu zaidi na upande wa upatano wa "chime in" ni kuitikia, ambacho kinatumika kwa wimbo, kwa dua na kwa salamu, na ambacho kinatangaza bila kificho kwamba kuna aliyetangulia na kuna wanaomfuata. Uwazi huo ni faida, kwa kuwa anayeombwa kuitikia anajua kwamba hakuombwa kutunga, ilhali anayealikwa kwa kitenzi cha Kiingereza anaweza kuamini kwamba ameombwa maoni, kumbe anatazamiwa kukubali.

Wanaoumia zaidi na utata huo ni wale ambao sauti zao, kabla hazijatoka, zimekwisha kukadiriwa. Mwaka 1975 Don Zimmerman na Candace West walichapisha uchunguzi wa maongezi yaliyorekodiwa huko California, ambamo kati ya ukatizaji 48 uliotokea katika mazungumzo baina ya mwanamume na mwanamke, 46 ulifanywa na wanaume. Sampuli ilikuwa ndogo, na mapitio ya tafiti nyingi yaliyofanywa baadaye, miaka ya 1990, hayakuikuta tofauti hiyo kila mahali, jambo linaloonya kwamba jinsia peke yake haielezi kila kitu na kwamba cheo, mada na ukubwa wa kundi vina nguvu zao. Hata hivyo, swali halikufungwa, na lilirudi kwa kishindo kutoka mahali ambapo vyeo vya wazungumzaji wakuu ni karibu sawa kisheria.

Mahali hapo ni Mahakama Kuu ya Marekani, ambako majaji tisa huwauliza mawakili maswali kwa mdomo na ambako kwa miaka mingi kanuni ilikuwa ileile ya mwepesi ndiye anayepata. Mwaka 2017 Tonja Jacobi na Dylan Schweers walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za vikao hivyo, wakionyesha kwamba majaji wanawake walikatizwa kupita kiasi kilicholingana na idadi yao, na waliowakatiza walikuwa majaji wenzao na hata mawakili, ambao kanuni za mahakama zinawataka wanyamaze jaji anapoanza kusema. Waligundua pia kwamba majaji hao wanawake, kadiri walivyokaa mahakamani, waliyapunguza maneno ya adabu ya kutangulizia swali, kama vile kuomba radhi au kuomba ruhusa ya kuuliza, wakafuata mtindo wa kuingia moja kwa moja. Sababu yake inaeleweka kwa urahisi, kwani neno la adabu linalotangulia swali huchukua nusu sekunde au zaidi, na nusu sekunde katika mazungumzo ya ushindani ni nafasi ya kutosha kwa mwingine kupita.

Katika mahakama hiyohiyo Jaji Clarence Thomas alikaa kwa muda wa miaka kumi, kuanzia mwaka 2006 hadi 2016, bila kumwuliza wakili swali lolote katika kikao cha wazi, naye alipata kueleza hadharani kwamba wenziwe waliuliza mno na kwamba wakili alistahili kuachiwa nafasi ya kusema. Mwezi Mei mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoilazimisha mahakama kusikiliza kesi kwa simu, kanuni ya mwepesi ilikuwa ngumu kufuatwa, kwa kuwa watu wengi wasioonana hutabiriana kwa shida, na hivyo Jaji Mkuu akawa anawaita majaji mmoja mmoja kwa ukongwe wao. Tangu siku ya kwanza Thomas aliuliza, na akaendelea kuuliza kesi baada ya kesi. Mahakama iliporejea ukumbini mwezi Oktoba mwaka 2021 ilibakiza sehemu ya utaratibu huo, ambamo baada ya maswali huria kila jaji hupewa nafasi yake asiyoingiliwa, na Jaji Sonia Sotomayor alieleza hadharani kwamba tafiti za ukatizaji zilichangia mabadiliko hayo.

Mfano huo unagusa watu wawili wasiofanana kwa jinsia, kwa mwelekeo wa kisheria wala kwa tabia, na ndiyo sababu una uzito. Sotomayor alikuwa akisema na akikatizwa, Thomas alikuwa kimya kwa hiari, na mabadiliko yaliyowafaa wote wawili hayakuwa kuongezewa mwaliko, kwa maana mlango wa kuuliza ulikuwa wazi tangu zamani na hakuna jaji aliyekuwa amekatazwa. Kilichobadilika ni kwamba nafasi ya kusema iliacha kuwa kitu cha kunyakuliwa ikawa kitu cha kukabidhiwa. Zamu ina mwenyewe kabla hajafungua kinywa, na kwa hiyo mwenye zamu anaweza kusema lisilopatana na waliotangulia pasipo kwanza kulipia haki ya kusikika. Mwaliko humwacha kila mtu akadirie peke yake kama neno lake litapokelewa, na katika kukadiria huko wanaojua kwamba watakubaliana na wenye nguvu wana kila sababu ya kuingia, huku wenye shaka wakiwa na kila sababu ya kungoja.

Kengele zenyewe, tofauti na kitenzi kilichozaliwa nazo, zinalijua jambo hilo. Katika upigaji ulioandikwa na Stedman hakuna kengele inayojiunga kwa sababu imependezwa na mlio wa jirani yake. Kila moja, nyepesi kwa nzito, hulia mara moja katika kila safu, kisha safu inayofuata hubadilisha mpangilio, na kwa kuwa kengele kubwa haiwezi kuharakishwa wala kucheleweshwa kupita kiasi, hakuna inayoruhusiwa kuhama zaidi ya nafasi moja kutoka safu hadi safu. Kwa kengele nane mipangilio yote inayowezekana ni 40,320, na mwaka 1963 wapigaji wa Loughborough waliipiga yote kwa takriban saa 18 bila kupumzika. Uzuri wa kazi hiyo hautokani na kukubaliana kwa milio, kwani milio hiyo haisemi kitu kimoja, bali unatokana na uhakika kwamba hata kengele ndogo kuliko zote haitarukwa.

Kwa hiyo, kitenzi "chime in" kinafaa kuhifadhiwa kwa kazi yake ya haki, yaani kutaja furaha ya sauti ya pili inayoiunga ya kwanza, kama inavyotokea kwa marafiki wanaosimulia tukio moja kwa midomo miwili, wala hakuna sababu ya kukionea kwa kuwa kina mipaka. Kosa huanza pale chama, ofisi, darasa au familia inapolitumia neno la upatano kuomba ukinzani, kisha ikauchukua ukimya unaofuata kuwa ni ridhaa. Kiongozi anayetaka kujua nani anapinga hana budi kutaja zamu, kuanzia kwa mdogo ikiwezekana ili asifunikwe na kauli ya mkubwa, na kuvumilia vituo virefu kuliko anavyovizoea, kwa sababu wapo ambao kwao kituo ndicho mlango. Baada ya hapo, atakayeunga mkono ataunga mkono akiwa na hiari ya kukataa, na kukubali kwake kutakuwa na thamani ambayo kuitikia kwa kualikwa hakuwezi kuipata.